Mkono Chini ya Kitambaa

Birika la maji lilikauka siku ya tatu ya gulio. Dhapu alilikuta hivyo alfajiri, na chini yake kumebaki tope na manyoya. Bawabu wa uwanja alisema mfereji umefungwa kwa amri, wanyama watoke kabla ya adhuhuri, mahema ya wageni yanataka nafasi.

Basi akachukua kopo la shaba akashuka kwenye ziwa takatifu la Pushkar. Alikuwa amekuja kuoga kwa ajili ya roho ya mumewe, kama alivyomwahidi. Kuhani mmoja alimtaka sadaka kwanza, akamwambia nguo zake zanuka ngamia. Dhapu alivuta ushungi usoni, akazama mara moja tu, akajaza kopo akapanda ngazi. Kopo moja si kitu kwa ngamia, lakini Kesar alikunywa, kisha akamlamba kiganja.

Kesar alikuwa ngamia jike wa mwisho wa mumewe. Kwa Waraika, watu wao wa kufuga ngamia, jike hauzwi. Dume ndiye huletwa gulioni, jike hubaki azae. Lakini malisho yao yalizungushiwa waya mwaka jana, ndani zikapandwa paneli za umeme wa jua, na Kesar alishaanza kula magunia. Mume alipokuwa akifa alikubali auzwe, kwa sharti moja: aende kwa mtu atakayemfuga. Asichinjwe.

Shemejiye Jogaram alikuwa amechuchumaa mchangani, peke yake na Kesar. Madume wawili waliokuja nao, watoto wa Kesar, hawakuwapo.

"Wamepata mtu," Jogaram alisema. "Mkulima wa Nagaur. Bei si mbaya. Anarudi kumtazama na mama yao."

Dhapu aliuliza kama mtu huyo ana shamba kweli. Jogaram akamwonyesha karatasi ya mauzo. Karani alikuwa ameuliza kazi ya wanyama, akaandika kilimo, akagonga mhuri bila kuinua macho.

Mnunuzi alikuja na kilemba cha waridi na marafiki wawili. Alimsifu Kesar meno, akamsifu miguu. Wafanyabiashara wa jirani walisogea kusikiliza, lakini hapo hakuna cha kusikia. Bei husemwa kwa vidole, mkono kwa mkono chini ya kitambaa, ili soko lisijue. Jogaram alifungua shali yake.

"Nitashika mimi," Dhapu akasema.

Sauti ilimtoka ndogo, ikabidi arudie. Rafiki mmoja wa mnunuzi alicheka.

"Mama, huku ni sokoni. Utamshika mkono mwanamume wa watu, mkewe akiuliza tumwambie nini?"

"Mwambie amemshika bibi yake mzaa baba," alisema mzee aliyekaa hema la pili, na watu wakacheka, lakini hakuna aliyemzuia tena.

Jogaram alisema shemeji, tafadhali. Hakumtazama usoni. Dhapu alivuta ushungi mpaka kidevuni, akaingiza mkono chini ya shali.

Mkono wa mnunuzi ulikuwa wa joto. Ulimkamata vidole vinne, ukavibana, kisha ukagusa kimoja tena. Bei nzuri kuliko alivyotegemea. Dhapu alikipapasa kile kiganja polepole, kama anavyopapasa tumbo la jike mwenye mimba. Kilikuwa laini pote. Mumewe alikuwa na mfereji mgumu chini ya vidole, pale kamba ya ngamia hupita miaka na miaka. Jogaram anao. Hata yeye mwenyewe anao. Huyu hakuwa nao. Kwenye kidole cha kwanza tu palikuwa na sugu, ndogo, ngumu, mahali mpini wa kisu hukaa.

Akautoa mkono.

"Haendi," alisema.

Mnunuzi hakukasirika. Alikunja mkono wake, akasema majike wenye njaa wako wengi gulioni, adhuhuri ikikaribia watakuwa bei nusu. Akaondoka na rafiki zake.

Dhapu alianza kufunga mikeka. Alipofika kwenye kengele mbili za shingoni za wale madume, zilizobaki mchangani, akazishika.

"Mkono wa yule haujawahi kushika kamba," alisema.

Jogaram aliendelea kukunja shali yake.

"Wewe ulimshika asubuhi, Jogaram. Mara mbili."

Jogaram alikuwa akikitazama kiganja chake kana kwamba kimeandikwa. "Nilijua, shemeji," alisema mwishowe. "Nyumbani ningewalisha nini? Waya?"

Bawabu alipita na fimbo akiwahimiza. Walimwongoza Kesar kwenye njia ya kutokea, nyuma ya mahema meupe ambayo tayari yalikuwa na mazulia mlangoni na wanawake wakimwagia maji vumbi lisipande. Maji mengi. Kesar alivuta kwenda huko, Jogaram akamrudisha.

Karibu na lango palisimama lori lenye turubai. Ndani yake dume mmoja alilia, kisha wa pili. Kesar alisimama, akageuza shingo.

Jogaram alikaza kamba. Dhapu aliichukua mikononi mwake, akailegeza. Nyuma yao watu walipiga kelele kwamba wanaziba njia, na bawabu akaja na fimbo. Dhapu alisimama hapo hapo na kamba ikining'inia, mpaka mama yao alipomaliza kutazama.