Jiwe la Inchi Tisa

Siku ile Kokuhirwa alikuwa hakai. Alimenya ndizi tatu akaziacha, akashika ndoo iliyokuwa bado imejaa maji akaenda nayo kisimani, akarudi nayo vilevile. Jirani yake Laurensia, aliyekuwa akipita na jembe begani, alimwona akizunguka uani akamwuliza, "We mama, leo umekalia siafu?" Kokuhirwa akacheka kicheko cha mdomoni tu. Angemjibu nini? Kwamba baba yake mzazi amekuja kumpofusha mumewe, na amekuja amebeba zawadi?

Maana ndivyo ilivyokuwa, wala sitii chumvi. Yustus, mumewe, fundi wa magari pale Kimuli, alikuwa na jicho moja. La kushoto lilibaki Bukoba, kwenye gereji aliyojifunzia kazi. Alikuwa akisugua kutu kwa brashi ya waya iliyofungwa kwenye grenda, mashine ya mkononi ya kusagia chuma, uzi mmoja wa waya ukachomoka ukaingia. Miwani ya kazi ilikuwa moja kwa gereji nzima, na siku ile aliivaa bosi, ambaye alikuwa amekaa kivulini anakunywa chai.

Alipopona alikwenda kununua grenda yake mwenyewe, na Kokuhirwa alikuwepo. Muuzaji aling'ang'ania kumpa ile kubwa, ndefu kama mkono wa mtu. Yustus akaishika, akainyoosha mbele yake, akairudisha mezani. "Hii siku ikinichomoka mkononi sitaweza kuizuia," alisema. "Na bati la gari ni jembamba, hii italila lote." Akachukua ndogo, ya inchi nne na nusu, yenye mkono wa pembeni na kinga ya chuma inayofunika jiwe, lile duara linalozunguka na kukata. Akaijaribu swichi mara kumi, kuona kama ukiiachia kidole inakata papo hapo. Muuzaji alichoka naye. Kisha akanunua miwani mbili, na tangu hapo hakuwahi kukata hata msumari bila kuivaa. Kokuhirwa alimpenda sana kwa hilo, kuliko alivyompenda siku ya harusi.

Sasa baba yake, Mzee Telesfori wa Nyakasimbi, alikuwa na pikapu yake aina ya Pijo, iliyokuwa imelala nyuma ya nyumba tangu baada ya vita, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva. Mwaka huo wa tisini na moja binti yake wa mwisho, Deodatha, alikuwa anaolewa, na mzee akaapa kwamba mwanawe hataenda kanisani kwa lori la kahawa wakati baba yake ana gari. Pijo ikakokotwa hadi Kimuli. Yustus akaifufua injini kwa wiki moja tu. Kazi ikawa bodi. Sakafu ilikuwa imeliwa na kutu hadi unaona nyasi chini, na ilibidi kukata bati lote bovu ndipo achomelee jipya. Harusi ilikuwa Jumamosi, na leo ilikuwa Jumanne.

Wiki iliyopita mzee alikuja kutazama. Aliona ile grenda ndogo akaguna. "Hicho ndicho unachokatia gari langu? Mimi nilidhani ni cha kunyolea ndevu."

Yustus alicheka kwa adabu, uso chini. Mzee hakucheka. Alivuka mpaka pale Murongo, akaenda hadi Mbarara, na asubuhi hii alikuwa ameteremka kwenye lori na kitu kimefungwa kwenye gazeti. Akakifungua mwenyewe mbele ya mkwe wake. Jiwe la kukatia, jipya, la inchi tisa, pana kama sahani ya wageni.

"Hili ndilo jiwe la mwanaume," akasema. "Leo nataka nilione likifanya kazi."

Yustus akalipokea kwa mikono miwili. Akaligeuza, akasoma maandishi yake mara mbili. "Asante sana, waitu. Mungu akuzidishie."

Ole wangu, Kokuhirwa alisema moyoni. Kwetu huku mkwe humwita baba wa mkewe "waitu", yaani bwana wangu, wala hamwambii "hapana". Hata kumtazama usoni hamtazami. Baba mkwe akikupa jogoo, unampikia yeye mwenyewe akija. Akikupa koti, unalivaa hata kama jua linawaka. Zawadi yake ukiiweka kando, habari zitafika Nyakasimbi kabla hujalala, na utaitwa mtu mwenye kiburi mpaka uzikwe. Yustus, aliyekuwa yatima asiye na mahari ya kutosha, aliyepewa mke kwa huruma ya mzee huyuhuyu, ndiye angethubutu?

Akamfuata mumewe nyuma ya jiko. "Mwambie."

"Nimwambie nini? Kwamba zawadi yake haifai?"

"Ndiyo! Haifai! Wewe si ndiye uliyenifundisha kusoma hizo namba?"

Kweli alimfundisha. Jiwe liliandikwa lisizungushwe zaidi ya mara elfu sita na mia sita kwa dakika. Grenda yake ilizunguka elfu kumi na moja. Jiwe kubwa kwenye mashine ndogo linakimbia kuliko linavyoweza kuvumilia, na likishindwa linapasuka, na vipande havichagui pa kwenda. Tena halingeingia bila kufungua kinga.

"Nimezisoma, Koku. Nitakata kidogo tu, aone, kisha nitalitundika ukutani. Kichwa nitakiweka pembeni."

"Kichwa utakiweka pembeni, na hilo jicho utaliacha wapi?"

Yustus alikwenda akachukua spana, akaifungua ile kinga ya chuma, akaiweka juu ya tairi.

Kokuhirwa alirudi kwenye ndizi zake. Alikuwa na hasira na baba yake, na hasira zaidi na mumewe, na alijichukia yeye mwenyewe kwa kuwa alikuwa anamenya ndizi. Akasimama, akaketi, akasimama tena. Kupitia mlangoni alimwona mzee akibeba kigoda chake na kukiweka mbele kabisa ya gari, usawa uleule ambao jiwe lingezunguka. Alimsikia Yustus akisema, "Waitu, hapo cheche zitakuchafulia koti," na mzee akijibu kwamba koti hufuliwa. Jenereta ya kuazima parokiani ikanguruma.

Kisha grenda ikawashwa. Kokuhirwa aliijua sauti ya grenda ile vizuri. Siku zote ililia nyembamba, moja kwa moja. Leo ilianza kwa kukoroma, ikapanda, ikapanda tena, na ndani yake kulikuwa na mtetemo uliofanya vikombe vigongane kabatini.

Akatupa kisu. Akabeba kigoda cha jikoni, akatoka nacho uani mbele ya macho yao, akakiweka bega kwa bega na baba yake, akaketi.

Yustus alikuwa bado hajaligusa bati. Alimwona mkewe kupitia miwani. "Koku, toka hapo!"

"Natazama zawadi ya taata."

"Toka, nimesema!"

"Kama hapa panamfaa baba yangu, na mimi pananitosha."

Yustus akaiachia swichi. Umeme ukakatika, lakini jiwe halikusimama. Liliendelea kuzunguka kwa ule uzito wake, likiyumba, na hakuna aliyethubutu kusogea. Muda ule mtu angeweza kusali Salamu Maria nzima. Mpaka lilipotulia ndipo Kokuhirwa alipogundua kuwa amemshika baba yake mkono.

"Mbona umezima?" mzee akauliza. "Petroli imeisha?"

"Taata," Kokuhirwa akasema, "jiwe hilo si la mashine hiyo. Likipasuka litamtoa jicho lililobaki. Litakuua na wewe."

"Nimekuuliza wewe? Naongea na mwanaume mwenzangu." Mzee akamgeukia mkwe wake. "Yustus. Ni kweli asemayo?"

Yustus alitazama chini. "Ni kweli, waitu."

"Umejua saa ngapi?"

"Tangu ulipofungua gazeti."

"Na ulikuwa unakata?"

"Nilikuwa nakata."

"Hee! Kwa nini, mtu wa Mungu?"

Yustus akavua miwani, akajifuta jasho kwa kiwiko. "Ningekukataliaje, baba?"

Mzee alitazama ile kinga juu ya tairi, akamtazama binti yake, akarudi tena kwa mkwe. "Yaani unaniogopa mimi kuliko kupofuka?"

"Ndiyo, waitu."

Kokuhirwa alitegemea baba yake achukue kofia aondoke bila kula, na nyumba yake ipate aibu ya kudumu. Mzee aliinuka kweli. Akaamuru jiwe lifunguliwe, akalichukua, akalipeleka kwenye jabali la kunolea mapanga, akalipiga. Halikuvunjika. Akalipiga tena, koti likampanda mgongoni. Mara ya tatu likapasuka, na yeye akabaki anahema.

"Aliyelitoa ni mimi, na aliyelivunja ni mimi," akasema. "Asije mtu kusema mkwe wangu kakataa kitu changu. Deodatha akienda na lori, ataenda na lori. Haya, rudisha kinga yako."

Kisha akamwendea Yustus. Miaka sita ya ukwe hawakuwahi kutazamana. Akamshika kidevu, akauinua ule uso, akalitazama lile jicho moja kwa muda mrefu. Kokuhirwa alikuwa analia waziwazi, hakujificha.

"Siku nyingine," mzee akasema, "nikatalie. Umesikia?"

Na Yustus, kamasi zikimtoka, angejibu nini?

"Ndiyo, waitu."