Matanga ya Mfalme wa Newtown

Julai 2013, jumba moja la maigizo pale Newtown, Johannesburg, lilisimamisha mchezo wake kwa wiki nzima, na Victorine Kabedi akapata msiba.

Kazi ya Victorine ilikuwa kumvisha Idwal Probert, mwigizaji mashuhuri kutoka Wales. Kila jioni alimvika joho la kifalme na kumfunga vifungo vya mgongoni, huku mzee mwenyewe akiongea na dada yake kwa simu, kwa Kiwelisi. Asipoanza na lugha ya kwao, alisema, sauti haitoki. Victorine alimpenda kwa hilo. Yeye alikuwa na binti, Murielle, mzaliwa wa hapohapo Johannesburg, aliyeelewa Kiswahili chote na kukijibu chote kwa Kiingereza. Victorine alishabembeleza, akagomba, akafunga na kuomba. Hakuna alichokitamani zaidi ya kumsikia mtoto wake akisema lugha ya nyumbani. Huko kwao Likasi, Kongo, bibi yake Murielle alikuwa akipigiwa simu kila Krismasi, na cha pekee alichokipata kwa mjukuu ni pumzi.

Asubuhi mchezo uliposimamishwa, meneja wa jumba, mama mmoja wa Kizungu mwenye adabu nyingi, alimwita ofisini. Akamkalisha kwenye kiti kizuri. Akammiminia chai kwa mkono wake, akauliza habari za mtoto, akauliza kama amekula. Ndipo akasema Idwal aliugua usiku, yuko kliniki Sandton, haonani na mtu kwa sasa, lakini asiwe na wasiwasi. Aende nyumbani apumzike.

Kila neno lilikuwa la kweli. Bahati mbaya, kwao Likasi hakuna mtu anayepewa habari ya kifo kavukavu. Unakalishwa, unapewa chai, unaulizwa kama umekula, halafu unaambiwa fulani anaumwa kidogo. Baba mdogo wa Victorine "aliumwa kidogo" hivyohivyo, na Victorine alipofika alikuta viti vya matanga vimeshapangwa uani. Victorine alikunywa chai yote, maana kuiacha ni kumtia mleta habari aibu, akatoka nje na kulia mpaka kwenye robot ya pili, zile taa za barabarani.

"Banatuficha," alimwambia Lambert, fundi cherehani na mwenyekiti wa chama cha Wakongo pale Yeoville. "Papa Idwal alishakufa."

"Balikupa chai?"

"Na sukari."

"Basi alishakufa," Lambert akasema, akaweka mkasi chini. Alikuwa hodari wa misiba, na tangu Pasaka hakupata hata mmoja.

Jumamosi matanga yakawekwa. Picha ya marehemu iliyopatikana ni ya kwenye bango la mchezo, amevaa taji, kwa hiyo waliofika walikaa kwa heshima kubwa kidogo kuliko kawaida. Mama mmoja mzee, mgeni kutoka Kalemie, aliuliza mfalme huyu alitawala wapi. Akaambiwa sehemu nyingi.

Kabla ya chakula, maisha ya marehemu husimuliwa. Victorine alijua vipimo vya kiuno na mabega tu. Aliyeyajua maisha ni Murielle, ambaye kila siku baada ya shule alikaa chumba cha kuvalia na kusikia hadithi za mzee. Akasimama, akaanza kwa Kiingereza.

"Kwa Kiswahili, mtoto," Lambert akamkatiza. "Mama wa Kalemie naye amekuja kulia. Alie nini sasa?"

Murielle alimtazama mama yake. Victorine akatazama chini, kwa sababu aliogopa hata kuomba.

"Papa Idwal," Murielle akasema. "Alizaliwa... eish. Alizaliwa kwa milima. Baba yake alikuwa anapasua mawe. Yeye alikuwa anasema mashairi kwa kanisa, batu banafurahi. Akaenda London. Kule bakamwambia, ile sauti ya kwenu, acha kwa mlango. Akaacha. Bakamupa kazi ya askari kwa mchezo, anasema neno moja tu. Kisha bakamupa mufalme. Kisha sinema, anakuwa mutu mubaya, anapata zawadi."

Victorine aliacha kumlilia mzee. Machozi yaliyokuwa yakimtoka sasa yalikuwa mengine.

"Siku moja mama yake alipanda treni, akakuja kumuona. Alikaa mbele. Kiingereza yake ilikuwa kidogo, hakusikia kitu. Batu banapiga makofi, yeye analia. Papa Idwal alisema ile siku alijua..." Murielle akatafuta neno, na safari hii hakulitafuta kwa Kiingereza.

Simu ikalia mapajani mwa Victorine. Kwenye kioo paliandikwa: Papa Idwal.

Aliangalia picha yenye taji, akaangalia simu. Mzee alikuwa hai! Furaha ilimpanda mpaka kooni, na lau angefungua mdomo angepiga kigelegele kikavunja matanga. Aliikalia simu. Ikaendelea kutetemeka chini yake, ikanyamaza, ikaanza tena.

"Endelea, mama," akamwambia binti yake. "Hatuna haraka ya kumuzika."