Mkono wa Mama Pasi

Plasta ilipokatwa, Mama Pasi aliutazama mkono wake wa kulia akadhani amebadilishiwa. Ulikuwa mwembamba, umepauka, na kiwiko kimejikunja hakitaki kunyooka.

"Wifi, huo mkono au mwiko?" aliuliza wifi yake aliyemsindikiza hospitali.

Mama Pasi hakucheka. Tangu ateleze na kuvunjika mkono kwenye duka lake la kufulia nguo, kazi zote zilimwangukia wifi, na mashati aliyoyapiga pasi wifi yalitoka na mikunjo mingi kuliko yalivyoingia.

"Huu umekufa," Mama Pasi alimwambia mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

"Haujafa, umedhoofu. Msuli usipotumika hupungua, ukitumika hurudi." Mtaalamu akamshika juu ya kiwiko. "Msuli haujui kusukuma, dada, unajua kuvuta tu. Huu wa mbele ukivuta, mkono unakunjika. Wa nyuma ukivuta, unanyooka, lakini lazima wa mbele ulegee. Wewe wa mbele umeukaza kama umeshika mwizi."

"Naogopa maumivu."

"Ndiyo maana haulegei."

Wakajaribu. Kiwiko kikagoma. Jasho likamtoka Mama Pasi, machozi yakamlenga.

Wifi akashindwa kuvumilia. "Mwambie ukweli! Unaukunja makusudi ili niendelee kuunguza nguo za watu. Jana nimetoboa suruali ya mwalimu mkuu, palepale pa kukalia."

"Ati nini?"

"Shimo la kupitisha ngumi."

Mama Pasi akaangua kicheko mpaka mabega yakamshuka. Mtaalamu hakuichezea nafasi hiyo. Aliuongoza mkono taratibu, nao ukanyooka kidogo.

"Sasa gusa hapa nyuma."

Akagusa. Chini ya ngozi, kitu kidogo kilikuwa kikijikaza. Kilitetemeka, lakini kilikuwa kikifanya kazi. Hakutaka kukiachia.

Nyumbani akawa anasukuma meza kwa kiganja, ananyanyua chupa ya maji, analalamika, anarudia. Siku nyingine kiwiko kilivimba akasusa. Wifi alimwacha anune, kisha akamletea chupa tena.

Miezi ikapita. Asubuhi moja dukani, wifi alikunjua shuka lililotoka kuanikwa akampa ncha mbili.

"Vuta, tulinyooshe."

Mama Pasi akavuta kwa mikono yote miwili. Wifi akapepesuka, nusura aangukie beseni.

"We mama, taratibu!"

"Lete lingine," akasema Mama Pasi.