Antivol ya Estelle

Risasi ya pili ndiyo iliyomtoa Mwila kibandani. Ya kwanza aliisikia, akaendelea kuchomelea, maana mtaani Ruashi ukikimbilia kila risasi hufanyi kazi. Lakini hii ilitokea kwa mdogo wake Estelle, tena saa nane mchana, watu wakipita na ndoo zao!

Alikimbia na nyundo mkononi. Wanaume watatu waliofunika nyuso walikuwa wakipiga mateke mlango wa Estelle. Mlango huo wa chuma aliutengeneza Mwila mwenyewe, na nondo za dirishani pia, ile antivol iliyosifiwa mtaa mzima. Jirani yao André alitoka na panga. Walimpiga risasi ya tumbo, akaketi chini polepole kama mtu aliyechoka, kisha akalala kifudifudi. Mwila alijibanza ukutani. Aliogopa, tufiche nini?

"Fungula, we mwanamuke! Tutakuua!"

"Sifungule! Mukufe ninyi!" Estelle alijibu kutoka ndani.

Mwenye bunduki alipandwa na hasira. Alipitisha mtutu katikati ya nondo, akamimina risasi ovyo chumbani.

Jamani, Estelle aliuza petroli! Chupa alizipanga barabarani, lakini madumu aliyaweka ndani, nyuma ya mlango, kwa kuogopa wezi. Moto ulilipuka palepale, ukaziba njia ya mlango. Majambazi wenyewe walishtuka, wakatimua mbio.

"Yaya Mwila! Niko naungua! Unitoshe!"

Mikono ya Estelle ilitokeza dirishani, akimlilia kaka yake amtoe. Mwila alizirukia nondo, akazivuta hadi chuma kikamchoma viganja. Mashine ya kukatia chuma ilikuwa kibandani, na huku kwa Estelle umeme haukuwapo tangu Jumatatu. Ikabaki nyundo. Alipiga kiungio baada ya kiungio, akitafuta kimoja tu kibovu, kimoja alichokichomelea kwa haraka au uchovu. Alimwomba Mungu iwe alimpunja dada yake. Hakumpunja. Mwaka jana alitaka kumwekea kidirisha cha kufungulia kwa ndani, Estelle akasimama hapo hapo, mikono kiunoni: "Apana, yaya. Pale njo bezi bataingilia. Ukaze, hata panya isipite." Naye alicheka, akarudia kila kiungio mara mbili.

"Mubomoe ukuta! Ukuta!" mtu alipiga kelele.

Majirani walikuja na mitaimbo. Ukuta wa matofali mabichi ulikubali upesi, na antivol ikaanguka nzima, haijapinda hata nondo moja. Mwila aliingia motoni, akambeba Estelle hadi uani. Alipomlaza, ngozi ya mgongo wa dada yake ilibaki mikononi mwake.

"Yaya," Estelle alisema. "Mayi."

Mtu alikimbilia ndoo. Alipoileta, Estelle alikuwa ameshakufa, na Mwila akampiga yule mtu ngumi ya uso kwa kuchelewa.

Walimzika Alhamisi, siku moja na André. Ijumaa asubuhi Mwila alikuta watu wanne mbele ya kibanda chake. Sofia, muuza vitenge, ndiye aliyethubutu kusema.

"Pole, papa Mwila. Tunalia na weye. Lakini ile antivol… bamepiga masasi, moto umewaka, haikupinda. Na mimi nataka ya vile. Usinikatale, papa. Tunaogopa."

Mwila alitaka kumtukana. Lakini uso wa yule mama ulikuwa na woga ule ule aliokuwa nao yeye pale ukutani. Alichukua futi ya kupimia, akamfuata nyumbani.

Dirisha lilikuwa tundu tupu, limezibwa na kipande cha gunia. Aling'oa gunia, akanyoosha futi kwa mikono iliyofungwa bandeji.

"Mu chumba hiki analalaka nani?"

"Batoto," alisema Sofia. "Bane."

Mwila hakuandika kipimo. Ndani, kitoto cha kike kilipanda kitandani, kikachomoza kichwa dirishani, kisha mabega, kisha kikatoka chote na kutua uani kwa kishindo kidogo. Kikasimama mbele yake, kikijipangusa magoti, kikamtazama.

"Andika, papa," Sofia alisema.