Kenke ya Moto Hadi New York

Kwa miaka tisa huko New York, kila mama yake alipomwomba arudi nyumbani, Lamiley alikuwa na jibu moja tu kwenye simu: "Mama, ni mbali." Kutoka Accra hadi New York ni kilomita elfu nane na ushei, saa kumi na moja angani. Mama Adoley, aliyekuwa akipika kenke mtaani Bukom, Accra, tangu binti huyo akiwa mgongoni, hakuwa na habari na kilomita. Yeye umbali aliupima kwa kenke. Ukilitoa donge lako la mahindi sufuriani, likiwa ndani ya maganda yake, ukafika unakokwenda nalo bado lina moto, hujaenda mbali.

Basi nauli ilipopatikana, akaamua kwenda mwenyewe.

"Nakuletea kenke. Zikifika na moto," alimwambia binti kwenye simu, "sikukuu ya Homowo uko hapa, unakula na ndugu zako. Sitaki maneno."

"Na zikifika zimepoa?"

"Sitakuuliza tena maishani."

Alijuta papo hapo, lakini neno lilishamtoka.

Asubuhi ya safari aliopoa kenke sita zikifuka mvuke, akazifunga kwa magazeti, kisha taulo mbili, kisha kitenge chake kipya. Mdogo wake Okai, aliyewahi kubeba mizigo uwanja wa ndege na tangu hapo akajiona rubani, alicheka mpaka akakaa chini.

"Dada, huko juu kuna baridi ya kuua nzi. Hizo utazila kwa nyundo."

"Beba begi, rubani."

Ndani ya ndege alizipakata. Mhudumu alipoomba aziweke juu, Mama Adoley alimkazia macho mpaka akaenda zake. Saa ya nne alipenyeza mkono: moto. Saa ya nane: vuguvugu. Akavua sweta akazifunika kenke zake kama watoto, mwenyewe akatetemeka kwa baridi huku akifurahi. Walitua zingali na uhai.

Ila foleni hakuwa ameipigia hesabu. Saa mbili nzima za pasipoti, halafu afisa mmoja akafungua kila kitu, akanusa, akafunga ovyo.

Lamiley alikuwa akingoja nje, amenenepa, amependeza. Walikumbatiana wakalia bila aibu. Kisha binti akanyoosha mkono.

"Haya, lete."

Mama Adoley alimpa moja bila kumtazama. Alikuwa ameshaigusa. Ilikuwa baridi kabisa, na roho yake ilimuuma.

Lamiley aliipokea. Ghafla akairusha mkono wa kushoto, akairudisha wa kulia, akapuliza vidole, vilevile alivyofanya utotoni kando ya sufuria.

"Mama, unaniunguza," alisema, machozi yakimtiririka.

Mama Adoley aliangua kicheko hadi watu wakageuka.

"Kumbe si mbali," alisema.

"Si mbali, Mama," Lamiley akajibu, akaendelea kuirusha na kuipuliza njia nzima mpaka kwenye gari.