Mkataba wa Mtukufu Kalisti

Kabla mfumo haujaja, mikataba ya mauzo katika ofisi ile ya Kahama ilizaliwa kwa uchungu. Kampuni iliuza makarasha, ile mitambo ya kusaga mawe ya dhahabu. Kila karasha lilihitaji mkataba, na kila mkataba ulimhitaji Thobias. Thobias alikuwa akichukua mkataba wa mteja wa jana, anafuta jina, anaandika la mteja wa leo, na siku nyingine anasahau kufuta. Ndivyo katekista mmoja wa Ushetu, mtu asiye na shimo wala nyundo, alivyojikuta kwa mujibu wa sheria ni mnunuzi wa karasha kubwa la injini ya dizeli. Inasemekana alipopata habari hizo alifunga na kuomba.

Lakini kuandika hakukuwa kazi. Kazi ilikuwa simu. Huwezi kumpigia mchimbaji wa Nyarugusu ukamdai namba ya kitambulisho kama askari wa barabarani. Kwanza mwangaluka, salamu ya asubuhi ya Kisukuma. Kisha habari za nyumbani, za watoto, za mvua, za ng'ombe, za yule shangazi aliyelazwa Kolandoto. Ukishaumaliza ukoo, na ng'ombe mmoja mmoja, ndipo unauliza jina la baba na kijiji. Thobias alikuwa Mgogo wa Bahi aliyelelewa na shule za bweni, ambako salamu ya asubuhi ilikuwa kengele na ya jioni ilikuwa kengele. Simu hizo alizihesabu kuwa adhabu, tena adhabu ya kosa ambalo hakulitenda.

Basi msimu mzima wa masika alijifungia na kompyuta, akauunganisha mfumo wa wateja na programu ya mikataba. Upande mmoja kulikuwa na majina yote ya watu waliowahi kuulizia karasha, vijiji vyao na simu zao. Upande wa pili kulikuwa na mkataba wenye nafasi tupu. Sasa afisa mauzo alibonyeza neno moja tu, Amekubali, na mkataba ukajijaza wenyewe, ukaruka hadi kwenye simu ya mteja, akausaini kwa kidole akiwa amekaa juu ya kifusi chake. Asiposaini, mfumo ulimkumbusha kila asubuhi, bila kuchoka na bila kununa.

Meneja Chacha aliuzindua kwa taadhima kubwa. Utepe ulikatwa kutoka kwenye pazia la zamani la stoo. Soda zilinywewa. Meneja alisema kuanzia leo kampuni imeingia katika ukurasa mpya, na Thobias akapigiwa makofi na watu watano, mmoja wao akiwa mlinzi aliyedhani ni sherehe ya kuzaliwa.

Katika mfumo huo kulikuwa na kisanduku kimoja kidogo cha jina la heshima. Kilikusudiwa kubeba Bwana, Bibi, Mzee, Mchungaji. Thobias aliuheshimu utaratibu kwa wateja wote isipokuwa mmoja. Kwa Kalisti aliandika: Mtukufu, Mlaji Mkuu wa Michembe. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, chakula ambacho Msukuma hutaniwa kwacho.

Kalisti alikuwa Msukuma wa Kagongwa, mchimbaji, kijana mrefu mwenye vumbi la mawe hata kwenye kope. Siku ya kwanza alipokuja ofisini kutazama makarasha, alimuuliza Thobias kwao wapi. Aliposikia Bahi, alizunguka meza akachungulia chini yake.

"Unatafuta nini?" Thobias aliuliza.

"Bakuli lako la kuombea. Mgogo haendi kazini bila bakuli."

"Nimelificha, nilijua anakuja Msukuma. Mngelijaza michembe."

Ndiyo utani wa makabila hayo mawili. Kuanzia hapo hawakuwahi kusalimiana kama binadamu wa kawaida. Kalisti akipiga simu alitangaza kwamba Thobias amefariki na yeye amekuja kurithi viatu. Thobias akipiga, aliomba azungumze na ng'ombe, kwa sababu ndiye mwenye akili katika nyumba ile. Kati ya simu zote alizoziita adhabu, za Kalisti hakuziita hivyo, ingawa hakuwahi kusema.

Mara ya mwisho Kalisti alipiga mwenyewe.

"Mgogo, siku hizi hunipigii. Umekuwa mkubwa?"

"Siku hizi mfumo ndio unaongea na nyinyi. Mimi ni mtu wa teknolojia."

"Nimelikubali lile karasha. Njoo basi tuandikishane kama zamani, unisumbue na maswali."

"Mfumo utakuandikia, ndugu yangu. Utasaini hapohapo ulipo."

"Nitasaini nikifika nyumbani. Nataka mama aone. Huo mfumo unajua kutania?"

"Nimeufundisha mwenyewe. Utaona."

Thobias alibonyeza Amekubali, akacheka peke yake, akaendelea na mambo mengine. Yalikuwa mengi. Mfumo ulikuwa umemwachia nafasi ya kufanya mambo mengi sana.

Wiki zilipita. Asubuhi moja Meneja Chacha alisimama nyuma ya kiti chake, mikono mgongoni, kama mwalimu wa zamu anayetafuta waliochelewa mstarini. Kwenye kioo cha kompyuta wateja wote walikuwa na alama ya kijani, mmoja tu ana nyekundu.

"Huyu Kalisti ana nini?"

"Ni mtani wangu. Anaringa tu."

"Mpigie."

Thobias alipiga. Simu iliita, ikapokelewa, na kabla aliyepokea hajasema neno, Thobias aliikaza sauti kama padri wa mazishi.

"Haloo, hapo ni msibani? Tumesikia yule Msukuma amekufa kwa kuvimbiwa. Tunaomba mtuhifadhie michembe, tunakuja kulia."

Jogoo aliwika upande wa pili. Kisha sauti ya mwanamke, ya taratibu, ikasema:

"Ndiyo, mtani. Hapa ni msibani. Tulikuwa tunakungoja uje. Jumamosi tunamaliza matanga."

Alikuwa mama yake Kalisti, na alieleza mwenyewe bila kuulizwa. Duara, lile shimo la kuchimbia dhahabu, liliporomoka kule Nyarugusu, Kalisti akiwa chini. Ilikuwa siku ileile ambayo angepanda gari kurudi nyumbani. Simu yake alikuwa amemwachia mwenzake juu, kama wanavyofanya, ikaletwa Kagongwa pamoja na nguo.

"Shikamoo, mama," Thobias alisema mwishowe. Ilikuwa salamu iliyokuja mahali pasipo pake, baada ya yote.

"Marahaba, mwanangu. Njoo."

Alipokata simu, aliufungua mfumo akatazama ulichokuwa ukikituma. Kila siku, saa moja asubuhi: Mtukufu, Mlaji Mkuu wa Michembe, Kalisti. Mkataba wako unakungoja. Tafadhali ufungue, uusome na uusaini. Ulituma siku aliyokufa. Ulituma siku aliyozikwa. Mfumo ulikuwa umetengenezwa vizuri mno.

Zamani angejua. Angepiga, angeuliza habari za nyumbani, angeambiwa. Sasa hakuwa na hofu ya kufukuzwa kazi wala ya meneja. Alichokiogopa ni yule mama aliyekuwa akidhihakiwa kila asubuhi kupitia simu ya mwanawe aliyekufa. Aliamua kwenda kumwomba radhi ana kwa ana. Kabla ya hapo hakuthubutu kuzima kitu; aliona kuzima kimyakimya ni kuficha kosa.

Jumamosi alifika Kagongwa na begi la kompyuta begani na hotuba ya kuomba radhi kichwani. Hotuba hiyo haikufika mbali. Mjomba wa marehemu, mzee Bujiku, alimdaka langoni, akamtazama shati na begi, akageukia wanaume waliokaa chini ya turubai.

"Jamani, bakuli limefika. Mgogo huyu hapa."

"Mzee, shikamoo. Nimekuja kuomba..."

"Tunajua umekuja kuomba, ndiyo kabila lenu." Watu wakacheka. Mzee akamshika mkono, akateremsha sauti. "Kijana, tulimzika bila mtani. Hakukuwa na mtu wa kuzuia jeneza, wala wa kumwigiza, wala wa kutudai chochote. Tulimpeleka kimyakimya kama mtu anayetoroka. Mpaka ile simu ilipoanza kulia. Dada yangu akasema, msilie hivyo, yuko mtani mmoja Kahama, yuko nasi. Sasa usitutie aibu. Tania."

Thobias alisimamishwa katikati ya turubai. Mama Kalisti alikuwa amekaa mkekani na wanawake, mwembamba, simu ya mwanawe mapajani. Thobias, ambaye bwenini aliwahi kuendesha ibada kamili ya mazishi ya panya na kuwaliza vijana wa kidato cha kwanza, alitafuta mzaha mmoja akakosa. Akatafuta hata wa zamani. Watu walingoja. Mtoto alikohoa.

Mwishowe alifungua begi, akatoa kompyuta, akausoma mkataba. Aliusoma kwa sauti ya hakimu, kwa sababu sauti yake mwenyewe haikuwa tayari.

"Mkataba huu umefanyika kati ya Kampuni, ambayo humu itaitwa Muuzaji, na Mtukufu, Mlaji Mkuu wa Michembe, Kalisti, ambaye humu ataitwa Mnunuzi."

Kicheko kilianzia kwa vijana wachimbaji nyuma, kikaenea. Mzee Bujiku alijifuta macho.

"Mnunuzi anathibitisha kuwa ana akili timamu."

"Pinga hapo," mtu mmoja akasema. "Alikuwa rafiki wa Mgogo."

"Mnunuzi hatauazimisha mtambo kwa jirani, mtani wala shemeji."

"Shemeji zake wote wako hapa, rudia wasikie."

Mama Kalisti alikuwa akicheka sasa, mkono mdomoni, na mabega yakimtetemeka kwa namna iliyowafanya wenzake wamsogelee. Thobias aliendelea. Kifungu baada ya kifungu maneno makavu aliyoyapanga mwenyewe yalipokelewa kama nyimbo. Alikuwa hajawahi kuusoma mkataba wake mpaka mwisho tangu uanze kujiandika.

"Siku ya makabidhiano," alisoma, "Mnunuzi atafika yeye mwenyewe..."

Aliishia hapo. Alijaribu tena kutoka mwanzo wa kifungu, akaishia palepale. Mzee Bujiku alikuja akaifunga kompyuta taratibu, akamkalisha.

Baadaye alipelekewa chakula nyuma ya nyumba, karibu na jiko. Mama Kalisti alikileta mwenyewe: michembe iliyopikwa kwa karanga.

"Kula. Umeidai sana."

Alikula. Ilikuwa tamu, na hilo nalo lilimuumiza.

"Wabeja, mtani," mama alimshukuru. Alikaa juu ya kinu kilicholazwa. "Watu hapa wameacha kulitaja jina lake mbele yangu. Wanaona watanikumbusha, kana kwamba nimesahau. Ni wewe tu. Kila asubuhi simu inalia, namwita mjukuu anisomee, naambiwa Kalisti, Kalisti. Nikasema, yupo mtu mmoja kule Kahama, akiamka tu anamkumbuka mwanangu kabla hajanywa chai."

Thobias aliweka sahani chini. Angeweza kunyamaza; hakuna aliyemuuliza kitu. Turubai zima lilishamsamehe kosa ambalo halikulijua.

"Mama, yale maneno niliyaandika mara moja. Zamani, yeye akiwa hai. Nilitaka acheke. Anayetuma kila siku si mimi, ni mashine."

Mama Kalisti alimtazama.

"Kwa hiyo ulikuwa hujui."

"Sikujua, mama. Nilijua ulipopokea simu."

"Zile asubuhi zote."

"Sikuwepo."

Hakukasirika. Aliigeuza simu mapajani, uso chini, uso juu, tena uso chini. Nje ya ua wanaume walikuwa bado wanarudia kifungu cha shemeji, wakicheka.

"Mwanangu alisema umemfundisha mtu kutania," alisema. "Aliponipigia mara ya mwisho. Alifurahi sana. Mimi nikadhani ni mtu."

Thobias alinawa mikono, akaaga. Mama alimsindikiza mpaka langoni kama desturi inavyotaka, na langoni akasema:

"Uizime, mwanangu. Nikishajua, siwezi tena kuisikiliza."

Jumatatu Thobias aliwahi ofisini kabla ya mtu yeyote. Alifungua jina la Kalisti. Kulikuwa na sehemu ya kueleza kwa nini mteja hakusaini, yenye majibu manne ya kuchagua: amebadili mawazo, amenunua kwingine, hapatikani, mengineyo. Aliyatengeneza yeye. Alichagua mengineyo. Mfumo ukauliza kama ana uhakika, akasema ndiyo, ile alama nyekundu ikatoweka na orodha yote ikawa kijani, safi, ya kumfurahisha meneja.

Saa moja ilifika, ikapita. Hakuna kilichotumwa. Thobias aliketi akiitazama saa ya ukutani, akiifikiria nyumba moja Kagongwa na simu iliyolala kimya mkekani. Akachukua simu yake. Alianza kuandika ujumbe, akaufuta. Akaanza mwingine, akaufuta. Mwishowe alipiga.

Iliita kwa muda mrefu. Alikuwa anakaribia kukata ilipopokelewa.

"Mwangaluka, mama," alisema. "Ni Mgogo. Naulizia habari za nyumbani."

Upande wa pili jogoo aliwika, na mama wa Kalisti akapumua.

"Leo umechelewa," alisema.