Jina la Barry Kwenye Ukingo Mweupe

"Nilikuomba neno moja, Clive. Moja tu."

"Mawili," Clive akasema. "Barry ni moja, Tranter la pili."

"Usinihesabie."

Mimi nilikuwa uani kwangu naanika mashuka yaliyokwisha kukauka. Sitaki kudanganya: niliyatoa kabatini nikayatundika upya, maana sauti ya Maureen ilipovuka ukuta nilijua hii si ya kusikilizia dirishani. Nyumba zetu tatu zimeshikana, yangu, ya Maureen katikati, kisha ya Clive, na kuta za nyuma zinafika kifuani tu. Mtaa wetu huu wa Birmingham, ukipiga chafya jikoni kwako, jirani wa tatu anakuombea afya.

Maureen alikuwa ameikumbatia picha juu ya aproni. Clive alisimama upande wake wa ukuta, kofia mkononi, kama mtu aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Ana miaka sabini na moja.

"Maureen, ameisaini," akasema. "Saini safi, ya penseli, chini kulia. Unajua ni watu wangapi walirudi mikono mitupu Jumamosi? Mzee amesema hasaini tena. Hii yako ni miongoni mwa za mwisho kabisa."

"Saini ya nani?"

"Ya Gwilym Pask."

"Pask anajulikana dunia nzima. Mimi nilitaka ajulikane huyu." Akagonga kioo kwa ukucha, pale alipolala mume wake.

Barry Tranter alikuwa mume wa Maureen kwa miaka arobaini na saba, na alituacha Februari. Ujana wake alibeba vyombo vya Cinderbank, bendi ya roki ya vijana wa huku kwetu, waliokuwa wakipiga muziki kama kiwanda kinachoporomoka ngazini. Alasiri moja ya mwaka 1974, kwenye ukumbi mmoja kule Wolverhampton, alimaliza kushusha masanduku ya spika, akavua buti, akajilaza juu ya hayo masanduku na kikombe cha chai kikasimama kifuani pake. Soksi moja ilikuwa na tundu, kidole gumba kimetoka nje kuchungulia. Nyuma yake, kwa mbali, wale wanne wa bendi wanagombana, nyuso zao ukungu mtupu. Gwilym Pask akapiga picha.

Picha ikaishinda bendi kwa umaarufu. Iko kwenye majumba ya makumbusho, kwenye fulana, kwenye majalada ya vitabu. Na kila ilipo, chini yake yameandikwa maneno yale yale: "Mpakiaji asiyejulikana, 1974."

Barry mwenyewe aliyageuza maneno hayo utani. Akiingia baa anasema, "Asiyejulikana anaomba bia." Maureen akimwandikia kadi ya siku ya ndoa anasaini "Bibi Asiyejulikana." Kila tulipomwambia amwandikie Pask barua alikataa. "Mwacheni mzee wa watu," anasema, "ana mambo yake." Basi tukacheka naye mpaka Februari. Mwezi Machi Maureen akiwa kwenye basi, msichana akaketi mbele yake amevaa fulana ile. Maureen akakaa anaitazama soksi ya mumewe mgongoni kwa mtu baki mpaka akapitiliza kituo chake, akapitiliza na kilichofuata. Aliniambia mwenyewe, na Maureen si mtu wa kuniambia mimi siri, kwa sababu ananijua.

Sasa huyu Clive Dutton. Alistaafu kiwanda cha chokoleti, hakuoa, na miaka thelathini amekuwa akikusanya picha za Pask. Zile za ziara ya 1974 ziko kumi na mbili, na anazo zote kumi na mbili, kila moja na saini yake na namba yake. Barry ni ya tisa. Hakuna hata moja iliyoko ukutani. Ziko kwenye kabati la droo pana za kuwekea ramani, chumba mapazia yamefungwa mchana kutwa, kila picha imefunikwa karatasi yake maalumu, na akitaka kuzitazama anavaa glavu nyeupe za pamba. Kwa hiyo Barry mmoja alikuwa amelala gizani kwa Clive, na Barry mwingine, ile nakala aliyopewa zamani hizo kabla yeyote hajafikiria kusaini picha, alikuwa amening'inia jikoni kwa Maureen juu ya birika la chai. Kila asubuhi anafukizwa mvuke. Clive alikuwa akikaribishwa chai pale, anashindwa hata kuinywa.

"Huo mvuke, Maureen."

"Alipenda chai, mwache."

Sasa kuna jambo moja la kuelewa kuhusu hawa wakusanyaji. Saini wanaitaka, jina la mtu hawalitaki. Pask akikuandikia "Kwa Susan, kwa upendo," kwao picha imeingia doa, maana nani anataka picha ya Susan? Kwa hiyo kila Clive alipofika mbele ya meza ya Pask, alisema maneno yale yale: "Jina lako tu, Bwana Pask, kama hutajali." Ameyasema mara kumi na mbili. Nadhani hata usingizini anayasema.

Basi Jumamosi ile Pask, mzee wa miaka themanini na tatu, mkono unatetemeka, alikuja mjini kusaini kwa mara ya mwisho. Maureen ametoka kufanyiwa upasuaji wa goti, foleni haiwezi. Akaitoa picha kwenye fremu, akaiweka kati ya makadibodi mawili, na juu yake akabana kwa klipu kijikaratasi cha daftari lake la sokoni: "Tafadhali andika Barry Tranter. Ndiye huyu." Akampa Clive. Clive alipofungua nyumbani kwake aliiona ile klipu. Klipu huacha alama. Karatasi ya daftari huacha rangi ya njano. Akavitoa vyote viwili haraka haraka, akavitia mfukoni mwa koti, akaifunika picha vizuri kwa karatasi yake maalumu. Akasimama foleni kwa saa tatu nzima. Alipofika mbele, mdomo ukasema ulichozoea.

"Klipu ya chuma, Maureen," alikuwa akijitetea sasa. "Imegusa picha yenyewe."

"Na ulimi wako nao ulibanwa klipu?"

"Nilisahau."

"Hukusahau. Ulikumbuka ya kwako."

Hapo Clive akatazama ndani ya kofia yake. Mimi nikaona niingie kati, maana kimya kwangu ni ugonjwa. "Si ampelekee tena?" nikasema juu ya shuka.

"Lorraine, hayo mashuka yako yamekauka tangu jana," Maureen akasema bila kunitazama. Akaingia ndani na mlango akaufunga taratibu. Ndipo nilipojua ameumia. Maureen huubamiza.

Siku nne zikapita hawasemeshani, ikafika Jumapili. Jumapili kwangu huwa pamejaa, binti zangu, waume zao, wajukuu, na yeyote aliyesikia harufu ya nyama ya kuoka. Clive akaja akasimama mlangoni, hata keki hakugusa.

"Nimemwandikia binti yake Pask," akaniambia. "Bethan. Amejibu kwamba baba hasaini tena, wamechoka na watu."

"Umemwandikia nini?"

"Nimeomba nyongeza ya maandishi kwenye nakala iliyokwisha kusainiwa."

"Mungu wangu, Clive. Nipe namba yake."

Nilizungumza na Bethan dakika arobaini. Kwanza nikajua habari za nyonga ya baba yake, halafu za jirani yao huko Malvern anayefuga mbuzi wanaokula waridi za watu, halafu za mwanawe aliyeachana na mchumba na bora alivyoachana naye. Tulipokuwa tumeshajuana nikamwambia, "Mpenzi, saini hatuitaki, tunayo. Kuna mjane hapa anataka jina la mumewe liandikwe chini ya mumewe. Ni yule mwenye soksi."

"Yule ana jina?" akauliza.

"Ana jina, ana mjane, na bia ya mwisho tuliyomnunulia alishindwa kuimaliza."

"Njooni Alhamisi asubuhi," akasema. "Asubuhi mkono hutulia."

Nikaruka ukuta kwa maneno, nikamwambia Maureen alete picha. Akakataa. "Picha hii haitoki tena humu na yule mtu. Ilitoka na kijikaratasi, ikarudi bila." Nikamwambia nitaibeba mimi. "Wewe utaionyesha njia nzima," akasema, na hakukosea.

Nikampelekea Clive jibu hilo. Alisimama kizingitini kwake, akaizungusha kofia. Kisha akaenda kwenye chumba cha mapazia, nikasikia droo ikivutwa. Aliporudi alikuwa na bahasha pana kifuani, na glavu mkononi.

"Tutaenda na yangu," akasema.

Nakala namba kumi na nne kati ya hamsini zilizochapwa. Ukingo mweupe pande zote, hata alama ya kidole haina. Mwanga wa jua haijauona tangu ainunue.

Alhamisi nikaendesha mimi. Clive aliketi nyuma na picha magotini, kila nikipita shimo namsikia akivuta pumzi. Pask tulimkuta kwenye kiti karibu na dirisha, mzee mdogo kuliko nilivyomdhania, kioo cha kukuzia kimefungwa shingoni kwa kamba. Clive akamwekea picha mezani.

Pask akainama. "Alikuwa anakoroma," akasema. "Kila nikiiona hii namsikia. Nilimchapishia nakala, nikamwachia mlinzi wa mlango, nikamwambia mpe yule mwenye soksi. Kumuuliza jina sikukumbuka. Nilidhani nitamkuta tena kesho yake."

"Barry Tranter," Clive akasema.

Pask akamtazama, kisha akaitazama namba kwenye kona. "Wewe ni mmoja wa wale wa 'jina lako tu'. Nakukumbuka. Nikiandika hapa, wenzako watakwambia umeiua."

"Najua."

"Penseli hii haifutiki vizuri."

"Andika, Bwana Pask." Clive akatoa mfukoni kile kijikaratasi cha daftari, klipu bado imo, akakiweka kando ya picha, mbali kidogo, ili mzee aone herufi.

Ilichukua muda. Mkono ulitetemeka, Bethan akamshikia kiwiko. Ile T ya Tranter iliinama kama nguzo ya taa iliyogongwa na lori. Clive alisimama mikono nyuma, midomo inacheza kama anayesali. Alipomaliza, mzee akapuliza vumbi la penseli, akasema, "Bethan, kile kitabu kipya kimeshakwenda kuchapwa?"

"Bado, baba."

"Basi lile neno chini ya picha, libadilishe."

Tulirudi saa saba. Nilimwachia Clive aende mwenyewe kwa Maureen, nikaenda uani kwangu, na mashuka yangu nikayatoa, maana dirisha la jikoni kwake lilikuwa wazi na jua ni jua.

Niliona hivi. Clive mlangoni, glavu nyeupe mkononi, anamnyooshea picha. Maureen akaipokea kwa mikono yake mitupu, yenye unga. Akasoma. Akakaa kwenye stuli. Akapitisha kidole chini ya jina, herufi kwa herufi, na Clive akaona unga unabaki kwenye ukingo, akafumba macho.

"Hii ni yako," Maureen akasema.

"Ilikuwa."

"Na zako kumi na mbili?"

"Nitakuwa na kumi na moja."

Akamtazama sana. Akasimama, akaitoa ile ya zamani kwenye fremu yake juu ya birika, akaipeleka chumbani kitandani, akarudi akaitia hii mpya kwenye fremu ile ile, akaitundika pale pale. Birika lilikuwa linachemka. Mvuke ukapanda, ukamfikia Barry kwenye soksi. Clive akafungua mdomo. Akaufunga.

"Sema, Clive."

"Sina neno."

"Sema tu."

"Imepinda kidogo kushoto," akasema.

Maureen akainyoosha. Kisha akafungua jiko, na harufu ikanifikia mimi huku: madonge ya maini kwa mchuzi mzito, na njegere zilizopondwa, chakula ambacho Barry alikuwa akikila Alhamisi zote. Nikaona anatoa sahani, akaongeza ya pili, halafu mkono ukasimama kwenye ya tatu.

"Vua hizo glavu, uketi," akamwambia Clive. Kisha akachungulia dirishani. "Na wewe Lorraine, yaache hayo mashuka. Njoo ule kabla hakijapoa."